Nani Mwenye Karafuu? Somo juu ya Uhuru wa Kuuza



Katika kikao cha wanachama wenzetu waishio Mikocheni, Dar es Salaam, palizuka swali ambalo halikupata jibu hata kahawa ikapoa. Mzee mmoja mwenye mikarafuu Pemba, ambaye siku hizi hukaa kwa mwanawe huko Mikocheni, aliuliza hivi: "Mkulima wa Morogoro akichuma karafuu, wanunuzi mbalimbali huzishindania. Mimi nikichuma zangu Pemba sina ruhusa ila kumwuzia mnunuzi mmoja. Sote ni raia wa Jamhuri moja. Je, karafuu zangu ni zangu kweli?"

Kijana mmoja akajibu kwa adabu, "Lakini Mzee wangu, huyo mnunuzi mmoja mara nyingi hutulipa vizuri kuliko wachuuzi wa bara."

Mzee akasema, "Sikuuliza bei, mwanangu. Nimeuliza mwenyewe ni nani."

Tumeona yafaa swali hilo liwe somo letu la mara hii. Si somo la siasa za vyama, wala hatutaki kumgombanisha mtu na Serikali yake. Ni somo la kupima sheria, kazi ambayo kila raia ana haki ya kuifanya.

1. FIKRA YENYEWE

Wako watu ulimwenguni wanaofundisha kwamba sheria ina kazi moja kubwa, nayo ni kumlinda mtu, mali yake na mapatano yake. Wenyewe hujiita walibertari, yaani watetezi wa uhuru wa mtu mmoja mmoja. Mizizi ya fikra zao ni ya zamani. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu akitia jasho lake katika kitu hupata haki juu ya kitu hicho. Frédéric Bastiat, Mfaransa, aliandika kitabu kidogo juu ya sheria mwaka 1850. Humo alitoa kipimo chepesi: angalia kama sheria inamruhusu mtu kutenda jambo ambalo, lau angelitenda mwenyewe bila sheria, lingehesabiwa kosa.

Tukitumie kipimo hicho shambani kwetu. Jirani yako akisimama mlangoni na kusema, "Karafuu zako utaniuzia mimi tu, kwa bei nitakayoitaja mimi, na ukimpelekea mwingine nitazinyang'anya pamoja na mashua iliyozichukua," sote tutamwita mnyang'anyi. Walibertari huuliza: Je, jambo hilo huwa halali kwa sababu limeandikwa katika sheria? Wao husema la.

Jambo la pili wanalofundisha ni juu ya bei. Friedrich Hayek, mtaalamu wa uchumi aliyezaliwa Austria, alieleza mwaka 1945 kwamba bei ni mchukuzi wa habari. Wanachama wa Mikocheni wanaokwenda Feri asubuhi kununua samaki wamekwisha kuona jambo hili. Dalali huita, wanunuzi huongeza, na samaki huenda kwa aliyefika juu. Nguru wakiwa haba bei hupanda, na mvuvi hujua bila kuambiwa na mtu kwamba kesho inafaa kutoka mapema. Bei ikipangwa ofisini habari hiyo hukatika. Mkulima hajui kama ulimwengu unazitaka karafuu zake zaidi au kidogo. Hujua tu alichoambiwa kituoni.

2. MAMBO YALIYOTUPATA

Sheria ya mnunuzi mmoja haikuanza jana. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka, na wenye mashamba wengi Unguja na Pemba walikuwa wamezama katika madeni. Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria kadhaa mwaka 1934 kuhusu madeni, ardhi na biashara ya karafuu, na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Sheria ya mwaka 1937 ilikiongezea chama hicho uwezo wa kutawala ununuzi wa karafuu nchini. Ilisemwa kwamba shabaha ni kumwokoa mkulima. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na chama cha Congress huko India kikaunga mkono kususia karafuu za Zanzibar. Kwa kuwa India ilikuwa mnunuzi mkubwa, biashara ilikwama mpaka yalipofanywa mapatano mwaka 1938. Tukumbuke basi kwamba hata chama chenye jina la wakulima kinaweza kuwa chombo cha Serikali, na kwamba ugomvi wa wakubwa hulipwa kwa karafuu zinazolala ghalani.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, na familia nyingi zilipewa eka tatu tatu. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ndilo ZSTC, likawa mnunuzi wa pekee. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu ulimwenguni ilipanda sana, lakini mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na sehemu kubwa ikaingia katika hazina ya Serikali. Zilijengwa nyumba na shule, hapana budi tuseme kweli. Lakini mwenye mkarafuu hakuulizwa kama anakubali kutoa kiasi hicho.

Jibu la wakulima halikutolewa kwa maneno. Wengine waliacha kupalilia, na mikarafuu ikazeeka bila kupandwa mingine. Wengine walipakia magunia usiku wakavusha kwenda pwani ya Kenya. Serikali ikaweka adhabu kali na walinzi pwani, na magendo yakaendelea. Zanzibar iliyokuwa ikiongoza ulimwengu kwa karafuu ikapitwa na Indonesia na Madagaska.

3. NCHI ZA WENZETU

Si sisi peke yetu. Mwaka 1954 Peter Bauer, mtaalamu wa uchumi, alitoa kitabu juu ya biashara ya Afrika ya Magharibi. Alionyesha jinsi bodi za kununua mazao, zilizoanzishwa kwa jina la kumkinga mkulima wa kakao na bei zinazoyumba, zilivyogeuka kuwa njia ya kumtoza kodi bila kuiita kodi.

Indonesia, nchi ambayo huvuta karafuu ndani ya sigara, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 haki ya kununua na kuuza karafuu ilipewa shirika moja lililoongozwa na Tommy Suharto, mtoto wa Rais. Wakulima walipata bei duni, na wengi wakayatupa mashamba yao. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1998.

Hapa kwetu bara, mwezi wa Novemba 2018, Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutumia jeshi kuzisomba, kwa kuwa wanunuzi walitoa bei ndogo. Bei ilikuwa nzuri kuisikia. Lakini wakulima wengi wa kusini walikaa muda mrefu wakingoja fedha zao, wala hapakuwa na mnunuzi wa pili wa kumkimbilia.

4. HOJA ZA YULE KIJANA

Somo lisilosikiliza upande wa pili si somo. Yule kijana wa Mikocheni alikuwa na hoja, nasi tuziweke mezani bila kuzipunguza.

Kwanza, mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar iliipandisha sana bei ya mkulima, ikatangaza nia ya kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Katika miaka iliyofuata kilo moja ya karafuu za daraja la kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 14,000, hata bei za nje zilipoyumba. Pili, miche ya mikarafuu imekuwa ikigawiwa bure. Tatu, kituoni kuna mizani na madaraja, na karafuu za Zanzibar zimelinda jina lake zuri.

Nne, tena hii ndiyo nzito, uhuru wa kuuza una hatari zake. Madagaska mkulima huuza kwa wachuuzi. Mwenye shida ya fedha huuza karafuu zikingali mtini, kabla ya kuchumwa, kwa bei ya kutupa. Hayo ndiyo yale yale ya madeni ya miaka ya 1930. Mwenye njaa huwa huru kwa jina tu mbele ya mwenye fedha.

5. TUSEME NINI BASI?

Baada ya kupima pande zote mbili, sisi twaona hivi. Bei nzuri na haki ya kuuza ni mambo mawili, na la kwanza haliwezi kusimama badala ya la pili. Bei ya shilingi 14,000 ilitolewa kwa hiari ya mnunuzi. Kinachotolewa kwa hiari chaweza kuondolewa kwa hiari. Wazee wetu wa miaka ya 1970 walikuwa na mnunuzi yule yule na kanuni ile ile ya mnunuzi mmoja, ila hiari ilikuwa nyingine. Kitu kilichokosekana wakati ule, na kinachokosekana hata sasa, ni mlango wa pili.

Hatusemi mlango wa kwanza uvunjwe. ZSTC likiwa mnunuzi mwema, kama watetezi wake wasemavyo, halihitaji kufuli. Wakulima watalifuata wenyewe kwa mizani yake, miche yake na malipo yake ya papo hapo. Na kama wataliacha siku ule mlango wa pili ukifunguliwa, basi hiyo yenyewe ni habari ambayo shirika lilipaswa kuijua.

Mlango huo waweza kufunguliwa kidogo kidogo. Waweza kuanza kwa mnada Wete na Chake Chake, ambapo ZSTC litanunua pamoja na wengine wenye leseni. Waweza kuanza kwa kuviruhusu vyama vya ushirika vya wakulima kusafirisha karafuu zao wenyewe. Ununuzi wa karafuu kwa mkulima wa Zanzibar si jambo la Muungano, kwa hiyo pahali pa kulisemea ni Baraza la Wawakilishi, kwa mwakilishi wa jimbo lako.

Lakini mwanachama anayedai uhuru audai wote pamoja na gharama yake. Mwaka bei ya ulimwengu itakapoanguka, asirudi kulia kwamba Serikali haikumkinga. Ndiyo maana kabla ya kudai mlango wa pili twapaswa kuwa na akiba yetu wenyewe na mfuko wa kukopeshana kabla ya mavuno, ili asiwepo mwenzetu wa kuuza karafuu zikingali mtini.

Mwisho, tunawasihi wanachama wasilichukue somo hili kuwa ruhusa ya magendo. Mbali na adhabu, soko la magendo si soko huru. Mwuzaji wa usiku hana mizani, hana risiti, wala hana mahakama ya kumshtaki aliyemdhulumu. Humkimbia mnunuzi mmoja akaangukia mikononi mwa mwingine aliye mbaya zaidi.

Tumrudie mzee wetu wa Mikocheni. Kwa sheria ilivyo leo, karafuu ni zake tangu kupalilia hata kuanika. Jua la majamvini ni lake, mvua ya ghafla ni hasara yake, mchumaji akianguka mtini ni msiba wake. Siku ya kuuza tu ndipo huwa na mshirika asiyemchagua. Kama hilo ni umiliki kamili au nusu yake, kila mwanachama ajipimie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Lau ungeambiwa uchague bei ya hakika kwa mnunuzi mmoja, au bei isiyo hakika kwa wanunuzi wengi, ungechagua ipi? Je, una haki ya kumchagulia jirani yako pia?

2. Serikali ikihitaji fedha za shule na hospitali, ipi ni njia ya haki zaidi: kodi iliyo wazi ambayo kila mtu huiona, au bei ndogo kituoni?

3. Mwenye eka tatu alizopewa baada ya Mapinduzi ana haki gani juu ya ardhi na mikarafuu iliyomo, na ni haki gani hana?

4. Kama mlango wa pili ungefunguliwa msimu ujao, tawi lenu lina akiba, ghala na mizani ya kuutumia? Kama halina, mtaanza na nini?

Majibu ya matawi yaandikwe kwa ufupi na yaletwe kwa Katibu, ili yasomwe na wenzetu wote.