Barua ya nia: andika kwanza, lipa nyuma



Mahindi yakivunwa, mwezi wa nne na wa tano, kila mtu anatafuta depo Kolwezi. Tulifuatana na koperative moja iliyompa mwenye depo garanti ya miezi mitatu kwa maneno tu. Siku ya kuingiza mifuko, depo ilikuwa na mfanyabiashara mwingine. Mahindi yalilala inje, na feza hazikurudi zote.

Barua ya nia ni nini?

Ni karatasi tunayoandika na mwenye depo mbele ya mkataba. Inasema: tunataka depo hii, kwa bei hii, kama makaratasi iko sawa. Haiko mkataba bado. Inatupatia muda wa kuchunguza, na mwenye depo asiwape wengine katika muda huo.

Andikeni mambo haya:

1. Majina ya pande mbili, avenue, namba ya lupango, ukubwa wa depo.
2. Bei ya mwezi, kwa franka ao dola, na miaka ya kupanga.
3. Siku ya mwisho ya barua. Siku 30 zinatosha. Mpaka siku ile, mwenye depo hampi mtu mwingine.
4. Masharti: hati zionekane, paa litengenezwe, mkutano wa wanachama ukubali.
5. Garanti italipwa siku ya mkataba, kwa risiti.

Mwishoni ongezeni: "Barua hii si mkataba. Namba 3 peke yake inatufunga." Kama mnanunua, neno hili lisikosekane: kwa sheria yetu, kupatana juu ya kitu na bei kunaweza kuhesabiwa kuwa mauzo.

Tumieni muda ule

Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Haki ya mtu inaonekana kwa setifika ya usajili, hapana kwa karatasi ya kuuziana peke yake. Muulizeni konservatera wa hati za ardhi. Kisha pitieni Kadastri ya Migodi, sababu kwetu kuko madini chini ya nyumba: mwaka 2017, watu wa sehemu moja ya Kasulo waliondoshwa ili pachimbwe kobalti.

Yote yakiwa sawa, njo mtie mkono kwenye mkataba. Katika mkutano ujao, chagueni wawili wa kutia mkono, na mmoja wa kutunza kopi. Feza ni ya wanachama wote. Isitoke mbele ya karatasi.