Dondoo muhimu: Kijahazi kinapokosewa

Mlingoti wa jahazi, kama zile zinazoundwa kijijini Matondoni, Lamu, huinamia mbele. Katika kijahazi cha pambo, kosa la kuusimamisha wima huonekana foromali (boriti ya tanga) ikishafungwa. Basi jaribu kwanza bila gundi, tanga likiwa juu. Umeshagandisha? Gundi nyeupe ya mbao hulegea kwa kitambaa cha maji ya moto. Usiung'oe mlingoti kwa nguvu, utapasua mkuku.

Rangi ikichuruzika, ngoja ikauke kabisa ndipo upige msasa.

Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, ndio huwaumbua wengi: ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kautazame mfano ulioko Makumbusho ya Lamu kabla hujashika mkasi. Ubao uliokatwa vibaya usiutupe, utapimia mwingine.