Mada ya 6: Kuendesha Biashara Ndogo ya Kazi za Mikono kwa Vitambaa vya Maua vya Zamani

Malengo ya mada
Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza maana ya biashara ya kazi za mikono;
(b) kuchagua malighafi inayofaa;
(c) kukokotoa gharama, bei na faida;
(d) kueleza njia za kupata soko na mtaji.

6.1 Maana
Biashara ya kazi za mikono ni biashara ambayo thamani kubwa ya bidhaa hutokana na ustadi na muda wa fundi. Katika mada hii tutatumia mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha nne katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, anayeshona mikoba kwa khanga, vitenge, mashuka na mapazia ya maua ya zamani. Hesabu zote ni za kufundishia. Bei halisi hubadilika, hivyo uliza sokoni kabla ya kuanza.

6.2 Malighafi
Khanga ilianza katika pwani ya Afrika Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walipounganisha leso kuwa vazi moja. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, lilipata umaarufu mkubwa katika biashara hiyo. Hapa Tanzania, kiwanda cha Urafiki kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Ndiyo maana katika masanduku ya bibi zetu bado kuna khanga ambazo maua yake hayachapwi tena. Uhaba huo ndio unaozipa thamani.

Khanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Fundi hukata kwa kuzingatia sehemu hizo. Mji hufaa kwa uso wa mkoba, na pindo hufaa kwa mdomo na mikanda. Jina lazima lisomwe kabla ya kukatwa. Maneno ya kijembe yakibaki kwenye mkoba, mteja anaweza kuukataa hata kama umeshonwa vizuri. Neno likikatwa katikati nalo huharibu maana.

Kabla ya kununua kitambaa cha zamani, fanya mambo haya:
(i) Kiinue kwenye mwanga. Palipochakaa huonekana pepesi.
(ii) Kivute kwa mikono miwili. Kikianza kuachia, usikinunue.
(iii) Lowesha pembe moja na uisugue kwa kitambaa cheupe kuona kama rangi inachuja.
(iv) Kikishafika nyumbani, kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, ili kisinywee baada ya kushonwa.

Vipande vidogo visitupwe. Hutengeneza vishikio vya sufuria, vifuko vya kalamu na vibanio vya nywele.

6.3 Gharama na bei
Gharama ziko za aina mbili. Gharama zinazobadilika huongezeka kila bidhaa inapoongezeka. Gharama zisizobadilika hulipwa hata kama hujauza kitu.

*Kwa mkoba mmoja:*
- Kitambaa cha maua: sh. 1,500
- Bitana: sh. 800
- Uzi na zipu: sh. 700
- Kazi ya saa 2 kwa sh. 1,000: sh. 2,000
- Jumla: sh. 5,000

*Kwa mwezi:*
- Kodi ya chumba: sh. 15,000
- Kukodi cherehani: sh. 15,000
- Nauli ya kwenda Kayanga na Omurushaka: sh. 10,000
- Jumla: sh. 40,000

Fundi akishona mikoba 20 kwa mwezi, kila mkoba unabeba sh. 40,000 ÷ 20 = sh. 2,000 za gharama zisizobadilika. Gharama kamili ni sh. 7,000. Akiuza kwa sh. 9,000, faida ni sh. 2,000 kwa mkoba, yaani sh. 40,000 kwa mwezi, mbali na ujira wake.

*Auze mikoba mingapi ili asipate hasara?* Toa gharama zinazobadilika kwenye bei: 9,000 − 5,000 = 4,000. Kisha gawanya: 40,000 ÷ 4,000 = mikoba 10.

Sasa tuseme wateja wanashusha bei hadi sh. 6,000. Kila mkoba unabakiza sh. 1,000 tu, na fundi atahitaji kuuza mikoba 40. Bei imepungua kwa theluthi moja, lakini kazi imeongezeka mara nne.

Zingatia: Wengi husahau kuhesabu muda wao. Fundi huyo akisema mkoba umemgharimu sh. 3,000 na kuuza kwa sh. 6,000, atadhani amepata faida ya sh. 3,000. Akiuza 20 atapokea sh. 120,000. Akitoa vifaa sh. 60,000 na gharama za mwezi sh. 40,000, hubaki na sh. 20,000 kwa saa 40 za kazi. Amejilipa sh. 500 kwa saa, nusu ya ujira aliojipangia. Cherehani nayo ikiharibika, hana akiba ya kuitengeneza. Biashara nyingi za namna hii hufa huku mwenyewe akidhani zinalipa.

6.4 Soko
Katika Karagwe na Kyerwa fedha nyingi huingia wakati wa msimu wa kahawa, katikati ya mwaka. Fundi mwenye busara hushona na kuweka akiba ya bidhaa kabla ya msimu, kisha hutenga sehemu ya mauzo kwa ajili ya miezi mikavu. Wateja wengine ni walimu, kamati za harusi, wanafunzi na wageni. Picha safi za simu, zilizopigwa mchana nje ya nyumba, husaidia kupata oda za mbali. Kwa oda, pokea malipo ya awali yanayotosha vifaa.

6.5 Mtaji na taratibu
Mtaji wa mwezi wa kwanza katika mfano wetu ni vifaa sh. 60,000 na gharama za mwezi sh. 40,000, jumla sh. 100,000. Unaweza kupatikana kwa akiba binafsi, VICOBA, au mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mafunzo hutolewa na SIDO, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Jina la biashara husajiliwa BRELA.

Kila siku andika kilichoingia, kilichotoka na unaowadai. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya marudio
1. Taja sehemu tatu za khanga na matumizi ya kila moja katika ushonaji wa mkoba.
2. Kwa nini muda wa fundi ni gharama?
3. Fundi anashona vitambaa vya meza. Gharama zinazobadilika ni sh. 4,000 kwa kimoja, zisizobadilika ni sh. 36,000 kwa mwezi, na bei ni sh. 7,000. (a) Auze vingapi asipate hasara? (b) Bei ikiwa sh. 8,000 je?

Jibu la swali la 3: (a) 36,000 ÷ 3,000 = vitambaa 12. (b) 36,000 ÷ 4,000 = vitambaa 9.