Jiko la pipa: tupike ngazi kwa kuni kidogo na bila hatari



Kwa koperative nyingi za kukamua mawese, kuanzia Fizi na Baraka mupaka Kalemie na Beni, kazi ya kwanza kisha kuvuna ni kupika ngazi. Wengine wanapika katika pipa la litre 200 lenye kuwekwa juu ya mawe matatu. Wengine wamejenga jiko la matofali lenye bomba la moshi. Kwa namna zote mbili kazi ni ileile: moto chini, maji katikati, muvuke juu. Moto ukienda vibaya, tunapoteza kuni. Maji yakienda vibaya, pipa linatoboka. Muvuke ukienda vibaya, mutu anaweza kuungua sana, hata kufa.

Katika somo hili tutaona namna ya kuwasha jiko, namna ya kutambua kama kuko shida, na mambo yenye hatupaswe kufanya hata siku moja.

1. Kwa nini tunapika ngazi?

Ngazi ikiisha kuanguka ao kupondeka, mafuta yaliyo ndani inaanza kuchacha. Kila siku yenye ngazi inalala chini kwenye lundo, uchachu unaongezeka. Joto la muvuke linasimamisha ule uchachu. Tena muvuke unalainisha nyama ya ngazi, na kukamua kunakuwa kwepesi.

Katika biashara, kipimo cha kawaida ni kwamba mafuta ya kula yasipite asilimia 5 ya uchachu. Yakipita, wengi wanayanunua kwa bei ya mafuta ya sabuni. Kwa hiyo jiko linalofanya kazi vizuri ni pesa ya koperative. Tukivuna leo, tupike leo ao kesho. Jiko likiharibika katikati ya musimu, ngazi inatungojea chini na bei inashuka.

2. Sehemu za jiko muzuri

Jiko la kudumu liko na sehemu hizi:

- Chumba cha moto cha matofali ya kuchoma, yenye kuunganishwa na udongo. Kati ya matofali na pipa muache nafasi ya vidole viwili ao vitatu, ili moto uzunguke pipa. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, joto linapanda bure.
- Vyuma vya kulalia kuni, vyenye kuinuliwa kutoka chini. Majivu yanaanguka katikati ya vyuma na hewa inapita chini ya moto. Moto wenye kukosa hewa chini unatoa moshi tu.
- Bomba la moshi lenye kupita juu ya paa. Bomba likiishia chini ya paa, upepo unarudisha moshi kwa wenye kupika.
- Pipa lenye kuwa na manjanja ya matundu ndani, yenye kulala juu ya mawe ao vyuma. Maji yanakaa chini ya manjanja, ngazi inakaa juu. Ngazi haipaswe kuogelea ndani ya maji. Inaivishwa na muvuke.
- Kifuniko chepesi: magunia yenye kulowana, majani ya ndizi, ao manjanja yenye kuwekwa tu juu bila kufungwa.

Angalisho juu ya pipa lenyewe. Musitumie pipa lenye lilibeba dawa ya wadudu ao kemikali, hata kama mumelisafisha mara kumi. Ile sumu itaingia katika mafuta ya kula. Pipa lenye lilibeba esanse nalo ni hatari: muvuke wa esanse unabakia ndani, na cheche moja ya mashini ya kukata chuma inaweza kulipasua. Mutafute pipa lenye lilibeba chakula, na muulize muuzaji lilitoka wapi. Kama hajui, musinunue.

3. Mbele ya kuwasha

Kuni. Muti wenye kukatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuwasha, moto unatumia nguvu yake kukausha muti kwanza, na pipa linangoja. Mupasue kuni ziwe za unene wa mukono, muzipange chini ya paa, mbali na ardhi, na muziache miezi kadhaa. Kuni zenye kukauka zinalia zikigongana, na mwisho wake unakuwa na mipasuko. Kuni mbichi zinatoa sauti nzito. Koperative yenye kuanza kukata kuni siku ya kupika imechelewa.

Nyuzi na maganda ya ngazi vinawaka sana na havigharimu kitu. Lakini nyuzi ziko na mafuta bado. Ukitia nyingi mara moja, moto unakosa hewa na moshi unakuwa mweusi. Mutie kidogokidogo juu ya kuni zenye kuwaka.

Maji. Katika pipa la litre 200, kila sentimetre 10 za maji ni karibu litre 25. Kwa kuanza mutie sentimetre 20, ni kusema litre 50, ao bido mbili na nusu za litre 20. Mupime kwa kijiti chenye alama. Musipime kwa macho.

Mawe ya sauti. Mutie mawe madogo matatu safi ndani ya maji. Maji yakichemka, mawe yanagonga chini ya pipa na munasikia: ka-ka-ka. Sauti ikinyamaza wakati moto ungali unawaka, maji imekaribia kuisha. Ni kipimo cha bure, na hata mutu mwenye hajui kusoma anaweza kukitumia.

Mulinzi wa moto. Kila siku ya kupika, mutu mumoja anachaguliwa kulinda jiko, na jina lake linaandikwa kwa kitabu cha zamu. Haende kukamua, haende shamba, haende kunywa. Akitaka kutoka, anaachia mwingine kazi kwa mudomo wake.

4. Kuwasha na kupika

Bomba lenye baridi halivute moshi. Kwa hiyo kwanza muwashe nyasi kavu kidogo karibu na mulango wa bomba, lipate joto. Kisha muwashe kuni ndogo, halafu kubwa. Musiwashe kwa esanse ao petroli. Moto wake unaruka mupaka kwa mukono wenye kumwanga.

Muvuke ukianza kutoka vizuri juu ya kifuniko, mupunguze kuni. Maji yenye kuchemka polepole na maji yenye kuruka yana joto sawa. Moto mukubwa hauivishe ngazi mbio zaidi, unamaliza tu maji na kuni. Kuanzia pale muhesabu karibu saa moja ao saa moja na nusu. Ngazi imeiva kama mukiiminya kati ya vidole, nyama inaachana na kokwa bila nguvu.

Wakati wa kufungua, mutu asimame kwa upande wenye upepo unatokea, anyooshe mukono, na ainue kwanza ule upande wa kifuniko wenye uko mbali naye. Hivyo muvuke unaenda mbele, haumupigi kwa uso. Avae nguo ya mikono mirefu na viatu vyenye kufunikwa. Na hakuna mama mwenye kufungua pipa akiwa na mutoto mugongoni.

5. Shida na dawa yake

Moshi unarudi kwa mulango wa kuni.
Muangalie kwanza kuni: moshi mweupe na muzito ni maji ya kuni mbichi. Moshi mweusi ni kukosa hewa, mutoe kuni kidogo na musukume majivu. Kama kuni ni kavu na hewa inapita, bomba limejaa masizi. Mulisafishe likiwa baridi, kwa kamba yenye kufungiwa tawi. Katika musimu wa kazi, mulisafishe kila juma.

Moto unawaka vizuri lakini maji inakawia kuchemka.
Masizi mazito chini ya pipa yanazuia joto, muyakwangue. Ao nafasi kati ya pipa na matofali ni kubwa, muifunge kwa udongo. Ao upepo unapiga mulango wa kuni, mujenge kizuizi cha matofali.

Ngazi ya chini imeiva, ya juu ingali ngumu.
Pipa limeshindiliwa sana, ao matundu ya manjanja yamezibwa. Musishindilie ngazi kwa miguu. Muvuke unahitaji njia ya kupanda. Muangalie pia kama kifuniko kinafunika vizuri kandokando.

Mawe yamenyamaza, maji imeisha.
Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Musimwange maji ya baridi ndani ya pipa lenye kukauka na lenye moto! Maji kidogo yakigeuka muvuke inakuwa kubwa zaidi ya mara 1,600, na ile muvuke inaruka juu mara moja pamoja na ngazi ya moto. Mutoe kuni kwanza, muache pipa lipoe, kisha mutie maji na kuwasha upya. Kama mumesikia mapema, maji ingali iko kidogo, mutie maji ya moto polepole kupitia kitiyo kirefu chenye kuteremuka kandokando ya pipa mupaka chini ya manjanja. Kwa hiyo kila wakati muwe na sufuria ya maji ya moto karibu.

Pipa linavuja chini.
Kutu imelikula. Udongo ao gundi havitoshe. Mupelekee mufundi wa kuchoma vyuma ao mubadilishe pipa. Ili lidumu, kila jioni mumwange maji yote na kulipindua likauke.

6. Mambo tunakataza kabisa

Kufunga pipa. Wengine wanaweka jiwe kubwa juu ya kifuniko, ao wanalifunga na waya, wakisema muvuke usipotee. Pipa la bati halikutengenezwa kwa kubeba nguvu ya muvuke. Likikosa njia, linapasuka, na mwenye kusimama karibu hapone. Muvuke kidogo wenye kutoka haukuwe hasara, ndiyo unawalinda.

Kwa wale wenye mapipa mawili, moja la maji juu ya moto na lingine la ngazi, sheria ni ileile. Musitie robine hata moja kwa bomba lenye kuunganisha mapipa. Bomba lile liwe pana, na kila juma muangalie kama halikuzibwa. Pipa la ngazi lifunikwe tu, lisifungwe.

Kupikia ndani ya nyumba yenye kufungwa. Makala na kuni zenye kuwaka vinatoa hewa ya sumu yenye haina harufu wala rangi. Mutu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, na haamuke tena. Jiko likae chini ya paa lenye pande wazi. Mvua ikinyesha ao baridi ikiwa kali, musibebe makala ya moto kulala nayo ndani. Mutu akianza kizunguzungu, mumutoe inje haraka na mumupeleke kituo cha afya.

Kuzima moto wa mafuta kwa maji. Wakati wa kusafisha mafuta kwa kuyachemsha, sufuria inaweza kushika moto. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka muvuke, na yanarusha moto kwa kila mutu. Mufunike sufuria kwa kifuniko ao manjanja, na mutoe kuni chini. Muweke ndoo ya muchanga mukavu karibu, juu ya moto wenye kumwangika chini. Musibebe sufuria yenye kuwaka.

7. Mutu akiungua

- Nguo ikishika moto, asikimbie. Alale chini na ajiviringishe, ao mumufunike na blanketi ao kitenge kizito cha pamba.
- Mumwangie maji safi na ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Hii ndiyo dawa ya kwanza.
- Mutoe pete na bangili mbele mukono haujavimba. Nguo yenye kushikamana na ngozi musiivute.
- Musipake mafuta, dawa ya meno, mayai wala majivu. Musipasue malengelenge.
- Mufunike na kitambaa safi, na mumupeleke kituo cha afya kama kidonda kinapita ukubwa wa kiganja chake, kama kiko kwa uso, mikono, miguu ao sehemu za siri, ao kama ni mutoto.

Mupange leo nani atamubeba mugonjwa na kwa njia gani. Siku ya hatari si siku ya kutafuta pikipiki.

8. Maswali ya kuzungumuzia katika kundi

- Pipa letu lilibeba nini mbele hatujalinunua? Nani anajua?
- Kuni zetu za musimu ujao ziko wapi sasa? Zimefunikwa?
- Wakati gani tulisafisha bomba mara ya mwisho?
- Watoto wanakaa wapi wakati mama zao wanapika? Tunaweza kuweka kamba ao uzio wa hatua tano kuzunguka jiko?
- Nani ni mulinzi wa moto juma hili, na nani atamupokea?

Mukisha kuzungumuza, muende wote pamoja kwa jiko, mulizunguke, na muandike vitu viwili vya kutengeneza mbele ya mavuno. Mumoja apewe kazi ya kila kitu, na siku ya kumaliza iandikwe katika kitabu cha koperative.