Somo: Kaburi la Kwanza

Someni Mwanzo 23. Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima, lakini shamba alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha lilikuwa la kumzikia Sara.

Ndivyo ilivyokuwa Mombasa. Mwaka 1844 Dk. Krapf wa C.M.S. alifika pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua binti, akafa kwa homa. Mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf aliugua pia, lakini hakuiacha kazi. Mwaka 1846 Rebmann alikuja, wakaanza Rabai. Mwaka 1875 watumwa waliowekwa huru walianza kukaa Freretown, upande huo huo wa bara. Nao walilima, walisoma, walizika wapendwa wao.

Mimi sijui alipozikwa babu yangu. Nilichelewa kumwuliza baba.

Maswali ya nyumbani:
1. Ni nani waliozikwa kwanza mtaani kwetu?
2. Ni nani anayekumbuka majina yao?

Tukienda kufyeka makaburini, tuchukue mapanga, na daftari pia. Wazee wangali hai; tuwaulize.