Mafunzo Niliyopata Nikiongoza Wachambuzi wa Biashara

Kwa miaka mingi niliongoza wachambuzi wa biashara katika kampuni ya supamaketi yenye makao Nairobi na matawi mikoani. Tulisimama kati ya watu wa mauzo na mafundi wa kompyuta: tuelewe tatizo, tuliandike lieleweke, kisha tuhakikishe kilichotengenezwa ndicho kilichohitajika. Nakuandikia wewe unayejiandaa kushika nafasi hiyo, kwa sababu nataka uifanye vizuri kuliko sisi.

1. Fika kaunta kabla ya kuandika lolote

Katika tawi moja kompyuta ilisema mtindi wa vanila umeisha, tena hesabu imeingia hasi, ilhali friji imejaa. Wa stroberi ulionyeshwa kuwa tele, na rafu yake ilikuwa tupu. Wakuu waliagiza ripoti mpya. Mchambuzi wangu mmoja akaomba kwanza kusimama nyuma ya keshia Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za sabuni. Mteja akaweka vikopo sita, vitatu vya vanila na vitatu vya stroberi, bei moja. Keshia akapitisha kimoja cha vanila kwenye skana, akabonyeza sita, akaendelea na mkate.

Kilichonishangaza ni sababu. Dada yule alikuwa mchapakazi hasa. Kampuni ilimpima kwa wingi wa bidhaa anazopitisha kwa dakika, naye alitimiza alichoambiwa. Kipimo chetu ndicho kilichovuruga hesabu, na mfumo haukuagiza stroberi kwa kuwa uliamini ipo. Ripoti yoyote ingesoma takwimu zile zile mbovu. Tulibadilisha kipimo, na tangu hapo sikupitisha maelezo ya mradi wowote kabla aliyeyaandika hajashinda dukani.

2. Mdogo aseme kwanza

Machi 25, 2020, serikali ilitangaza kwamba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1. Tulikuwa na siku chache za kubadilisha bei ya maelfu ya bidhaa, janga la korona nalo limeshatutawanya.

Wengi kikaoni, wasomi wa hesabu wakiwemo, walitaka tukate asilimia mbili ya kila bei. Lakini bidhaa ya Sh116 ilipaswa kuwa Sh114, kwa sababu kodi huhesabiwa juu ya Sh100 na si juu ya bei ya rafuni. Unga wa mahindi, ambao hautozwi kodi hiyo, haukutakiwa kuguswa. Hayo tuliyamaliza. Kila mtu alikuwa tayari kuaga, kijana mgeni kuliko wote akauliza: "Samahani wakubwa, mteja akinunua pasi Machi 30 akairudisha Aprili 3, tunamrudishia kwa kodi ipi?"

Hakuna aliyejibu. Mashine zilikuwa zimepangwa zisome kiwango cha siku ya kurudisha badala ya kile kilicho kwenye risiti. Kila pasi, blanketi au sufuria iliyorudishwa ingempunja mteja na kuharibu hesabu za kodi.

Kijana yule alikaribia kunyamaza. Aliniambia hivyo baadaye. Ndipo nikaweka utaratibu kwamba katika vikao vyetu mdogo anazungumza kwanza na mimi wa mwisho. Bosi akishatoa maoni, watu huitikia tu.

3. Andika kwa nini

Januari 1, 2021, kodi ilirudi asilimia 16. Baadhi ya walioshughulika na mabadiliko ya kwanza walikuwa wameshahama. Waliobaki walifungua faili wakakuta kila uamuzi na sababu yake, kasoro ya risiti ikiwemo. Kazi ilikwenda kwa utulivu.

4. Rafu tupu si tatizo la kompyuta siku zote

Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt, iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Kabla ya hapo wateja walikuwa wameshaona rafu zake zikibaki wazi, kwa kuwa wasambazaji wasiolipwa hawaleti mzigo. Ukiombwa programu ya kukadiria mahitaji, uliza kwanza msambazaji alilipwa lini.

5. Ajiri kutoka dukani

Shahada ina nafasi yake, nami nimewaajiri wengi wenye shahada nzuri. Ila aliyewahi kupokea mzigo alfajiri anajua kwamba mkate huingia rafuni na kuuzwa kabla karani hajaupokea kwenye mfumo. Hilo humchukua mgeni muda mrefu kulibaini. Kuchora michoro ya hatua za kazi na kuendesha kikao hufundishika kwa miezi michache.

Basi ukipata nafasi ya kuajiri, usianze na tangazo la gazetini. Waulize mameneja wa matawi ni keshia gani au karani gani wa stoo anayewasumbua kwa maswali, kisha mwite umsikilize.