Gari ikirukaruka, tomati zinaharibika

Ndugu wakulima, tumeona tomati zikipondeka njiani toka Mutshatsha mpaka Kolwezi, kabla mnunuzi hajazigusa. Kamionete yenye mzigo kidogo inaruka sana, juu resori zake za nyuma zilitengenezwa kwa kubeba uzito. Tufanye hivi:

1. Tupime upepo wa mipira asubuhi, ingali baridi, tufuate kibandiko cha mlango wa shofere. Upepo ukizidi, gari inaruka. Ukipungua na mzigo ni mzito, mpira unashika moto, unapasuka.

2. Tukandamize kona ya gari, tuachilie. Ikidunda zaidi ya mara mbili, amortisere imechoka, tubadilishe.

3. Vikapu vizito vikae karibu na kabini, vifungwe.

Jasho la msimu mzima lisimwagike kwenye mashimo.